Msuli Hukua Pale Chuma Kinapogoma

Mtazame mtu anayechuchumaa na chuma mabegani, na usihangaike na ukubwa wa chuma. Tazama kasi. Marudio ya mwanzo yanafanana: anashuka, anapanda, anashuka, anapanda, mwendo uleule. Akifika la saba au la nane, kupanda kunaanza kuchelewa. Hajaamua kupunguza mwendo. Anasukuma kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, lakini mwili unapanda taratibu, mapaja yanatetemeka, katikati ya njia anakaribia kusimama kabisa, kisha anavuka. Hapo ndipo wengi hurudisha chuma kwenye stendi na kusema seti, yaani mfululizo mmoja wa marudio, imekwisha. Mimi nasema ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuwa na faida.

Nimesimama pembeni ya seti nyingi za namna hiyo, na ninachokiona mara kwa mara ni watu wenye bidii ya kweli, wasiokosa jimu, wanaotoka jasho jingi, lakini mwili wao uko vilevile mwaka hadi mwaka. Si wavivu hata kidogo. Kazi wanafanya, tena nyingi, ila karibu yote iko ndani ya kiwango ambacho msuli unakimudu bila shida. Na msuli unaoimudu kazi yake hauna sababu ya kukua. Kuujenga ni gharama, na kuutunza ni gharama nyingine, kwa sababu unatumia nishati hata ukiwa umelala. Mwili hauingii gharama hiyo mpaka ulazimishwe.

Ili kuona unavyolazimishwa, inabidi kujua kwamba msuli hauendi kazini wote kwa mpigo. Paja lina nyuzi mamia ya maelfu, zimegawanyika katika makundi, na kila kundi linapokea amri kutoka kwa neva moja itokayo kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1965 Elwood Henneman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba makundi hayo huitwa kwa utaratibu: madogo kwanza, makubwa baadaye. Makundi madogo yana nyuzi chache zisizochoka haraka, na ndiyo yanayokushikilia ukiwa umesimama au unatembea kawaida. Makubwa yana nyuzi nyingi, zenye nguvu na zinazochoka upesi, na ndizo zenye nafasi kubwa zaidi ya kunenepa. Ukinyanyua kitu chepesi mara chache ukaacha, makundi makubwa hayajaitwa. Unaweza kurudia hivyo kila siku kwa miaka, na nyuzi zile zisijue kama kuna mazoezi yanafanyika.

Njia za kuyaita ni mbili. Ya kwanza ni mzigo mzito, ambao unayahitaji tangu rudio la kwanza. Ya pili ni uchovu: mzigo ni wa wastani, lakini makundi yaliyoanza kazi yakichoka, mfumo wa neva unayaita yaliyobaki, hadi yote yako kazini. Ndiyo maana rudio la kumi la seti ngumu si sawa na la kwanza, ingawa chuma ni kilekile.

Na ule uchelewaji niliousema una maana yake. Mwaka 1954 makundi mawili ya watafiti, moja la Andrew Huxley na jingine la Hugh Huxley, ambao licha ya jina hawakuwa ndugu, yalieleza kwamba msuli hujifupisha kwa nyuzi ndogo za protini zilizo ndani ya kila uzi, aktini na miosini, kuteleza zikipishana. Miosini ina vichwa vinavyoishika aktini, vinaivuta, vinaiachia, vinaishika tena. Uzi ukijifupisha kwa kasi, vichwa vingi vinakuwa hewani. Ukijifupisha polepole, vingi zaidi vinakuwa vimeshika kwa wakati mmoja, na kila uzi unabeba mvutano mkubwa. Kwa hiyo katika marudio ya mwisho mambo mawili yanakutana: nyuzi zote ziko kazini, na zote zinavutwa kwa nguvu. Mvutano huo ndio chanzo kikuu cha kukua. Jasho halina sehemu hapo, wala msuli kuwaka moto si kipimo.

Nataka nieleweke vizuri kuhusu upole huo. Kuna watu husikia habari hii wakaanza kunyanyua taratibu makusudi tangu rudio la kwanza, wakidhani wamepata siri. Upole wa kujitakia si upole wa kulazimishwa. Anayenyanyua chuma chepesi taratibu kwa hiari yake anatumia nguvu ndogo tu. Sukuma kwa nguvu uliyonayo, kwa mkao na mwendo sahihi, halafu acha uchovu ndio ukupunguze kasi. Kushusha ndiko kunakohitaji utulivu: usikidondoshe chuma, kishushe ukiwa umekishikilia, sekunde mbili au tatu. Msuli unaorefuka huku ukiwa umebeba mzigo unaweza kuhimili mvutano mkubwa kuliko unapojifupisha, na wanaoachia chuma kianguke wanaipoteza nusu hiyo ya zoezi bure.

Seti ikishapita, inaanza kazi usiyoiona. Ndani ya uzi mna vihisi vinavyotambua kwamba umevutwa, na ishara hupitia protini iitwayo mTOR, ambayo ndiyo kama mtoa amri mkuu wa ujenzi. Tunajua umuhimu wake kwa sababu ipo dawa inayoizuia, rapamycin, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui. Watafiti waliwapa watu dawa hiyo kabla ya kunyanyua vyuma, na ongezeko la ujenzi wa protini ambalo kwa kawaida hufuata zoezi likazuiwa. Amri ikipita, seli inaunganisha protini mpya, na nyuzi ndogo za aktini na miosini zinaongezwa ubavuni mwa zile zilizokuwepo. Uzi unanenepa. Idadi ya nyuzi haiongezeki sana kwa mtu mzima. Anayeonekana kuwa na mikono mikubwa ana nyuzi nene, si lundo la nyuzi mpya.

Pembeni mwa kila uzi kuna seli nyingine ndogo, ambazo Alexander Mauro alizibaini kwa darubini ya elektroni mwaka 1961. Zimelala hapo zikisubiri. Zikiamshwa na kazi ngumu hugawanyika, na baadhi huungana na uzi zikiupa viini vyake. Uzi wa msuli ni seli ya ajabu kidogo, ina viini vingi badala ya kimoja, na inapopanuka inahitaji viini zaidi vya kusimamia eneo jipya. Katika panya imeonekana kwamba viini vilivyoongezwa vinaweza kubaki hata msuli ukisinyaa kwa kukosa kazi, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini aliyewahi kuwa na msuli hurudi haraka kuliko anayeanza.

Yote haya yanachukua muda. Baada ya zoezi gumu, ujenzi wa protini katika msuli hubaki juu kwa takriban saa 24 hadi 48. Msuli hukua wakati huo, ukiwa unakula, unafanya shughuli zako, unalala. Anayerudi kesho asubuhi kuuadhibu msuli uleule kwa ukali uleule anaidai kazi ambayo haijamalizika. Na anayeanza aelewe pia kwamba nguvu za wiki za mwanzo zinatoka zaidi kwenye neva: mwili unajifunza kuita nyuzi zake na kuzipanga. Umbo hubadilika baadaye. Wengi huacha katika wiki hizohizo, chuma kikiwa kimeshapanda lakini kioo hakijasema kitu, wakati mambo yanakwenda sawasawa kabisa.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu unaonekana kana kwamba umebuniwa kumaliza ubishi wa jimu. Ulifanywa katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ukachapishwa mwaka 2012. Vijana wa kiume walifanya zoezi la kunyoosha goti kwenye mashine, mara 3 kwa wiki kwa wiki 10, kila mguu ukipewa mpango wake. Mpango mmoja ulikuwa seti 3 kwa asilimia 80 ya mzigo mkubwa kabisa ambao mguu ungeweza kuunyanyua mara moja. Wa pili ulikuwa seti 3 kwa asilimia 30 tu. Wa tatu ulikuwa seti 1 ya asilimia 80. Sharti lilikuwa moja kwa wote: endelea mpaka ugote, mpaka mguu ukatae. Mipango miwili ya kwanza ilikuza paja karibu sawa, kiasi cha asilimia 7. Mzigo mwepesi uliofikishwa mwisho wake ulikuza msuli kama mzigo mzito. Kwa nguvu za kunyanyua mara moja waliobeba mzito walikuwa mbele, jambo la kutarajiwa, kwani nguvu hizo ni ustadi pia. Ile seti moja nayo ilikuza, lakini takriban nusu ya zile tatu.

Matokeo hayo yanamgusa moja kwa moja Arthur Jones, na Jones hawezi kukosekana katika habari hii. Ni Mmarekani aliyeleta mashine za Nautilus sokoni mwaka 1970, akawaambia wanyanyua vyuma wa wakati ule, waliokuwa wakishinda jimu masaa na masaa, kwamba wanajipotezea muda. Fanya seti moja kwa kila zoezi, alisema, lakini uifikishe pale ambapo rudio jingine haliwezekani, kisha nenda nyumbani ukapumzike. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Colorado State, alimfanyisha mazoezi Casey Viator kwa siku 28, na Viator akaongezeka uzito wa kilo zipatazo 20. Takwimu hizo zimerudiwa na kurudiwa miaka yote hii. Zinachoacha kutaja ni kwamba Viator alikuwa Mr. America wa mwaka 1971, yaani bingwa wa kutunisha misuli, aliyepungua sana baada ya ajali. Alikuwa anarudi kwenye mwili aliowahi kuwa nao. Si haki kumwonyesha mtu anayeanza matokeo yale na kumwambia kwamba na yeye yatamkuta.

Hata hivyo Jones alikuwa na jambo, na wafuasi wake walilithibitisha jukwaani. Mike Mentzer alishinda Mr. Universe mwaka 1978 kwa mazoezi mafupi makali. Dorian Yates wa Uingereza alichukua Mr. Olympia mara 6 mfululizo, 1992 hadi 1997, akifanya seti chache za kugota wakati wapinzani wake wengi walifanya lukuki. Wanamichezo wa kiwango hicho wana vinasaba vyao na mengine yasiyomhusu msomaji wangu, kwa hiyo siwatumii kama ushahidi. Ushahidi ni ule wa kina McMaster na wengine waliofuata: ukali ni wa lazima, na seti moja inatosha kuanza, lakini anayeongeza seti mbili au tatu nzuri hupata zaidi, hadi pale uchovu unapoanza kula kilichojengwa. Jones aliona sawa kuhusu juhudi, akazidisha kuhusu uchache. Na si lazima ugote kila seti. Ukiacha pakiwa pamebaki rudio moja au mawili ya kweli ndani yako, faida ni karibu ileile na uchovu ni mdogo. Neno la kushika hapo ni "ya kweli". Wengi wanaosema wamebakiza mawili, ukiwatia moyo kidogo, wanafanya sita.

Ningeishia hapa kama ukali ungekuwa suala la wenye vifua vipana peke yao. Lakini sababu hasa ya kuandika ni kundi jingine, ambalo huambiwa kila siku likae mbali na vyuma.

Katika miaka ya 1940 majeruhi wa vita walijaa hospitali za jeshi la Marekani, na miguu iliyovunjika au kufanyiwa upasuaji wa goti ilifanyishwa mazoezi mepesi ya marudio mengi, kwa hofu kwamba mzigo mzito ungeiumiza. Daktari kijana, Thomas DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma, aliwapa uzito, akawaongezea kila walipopata nafuu. Alichapisha matokeo mwaka 1945. Walipona haraka, na desturi ya seti 3 za marudio 10, ambayo kila jimu inaifuata bila kujua ilitoka wapi, imetokana na kazi yake.

Halafu mwaka 1990. Dk. Maria Fiatarone na wenzake walikwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Boston, wakachukua watu 10 dhaifu wenye wastani wa umri wa miaka 90. Hao hawakupewa mipira ya kuchezea wala mazoezi ya kunyoosha vidole wakiwa wameketi. Walifanyishwa zoezi la kunyoosha goti kwa mzigo uliofika asilimia 80 ya uwezo wao, mara 3 kwa wiki kwa wiki 8. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani walimaliza wakiwa na nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya walizoanza nazo, na eneo la msuli wa paja likaongezeka asilimia 9. Wawili waliacha fimbo walizokuwa wakitembelea. Mmoja kati ya watatu waliokuwa hawawezi kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono akaweza.

Nimeusoma utafiti huo mara nyingi na bado unanigusa. Mtu wa miaka 90 akiinuka kitini mwenyewe, anakwenda msalani mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa kuliko kombe la jukwaani. Na limetokana na utaratibu uleule wa makundi ya nyuzi, mvutano na ujenzi, ambao haukujali umri wao. Tena uzee huzishambulia zaidi nyuzi zile kubwa, zile zinazoitwa mwisho, ambazo ndizo zinazokudaka ukijikwaa. Kutembea taratibu ni kuzuri kwa moyo, lakini hakuziiti. Mzee anayeambiwa "wewe tembea tu, usibebe kitu" anashauriwa kwa upendo, na ushauri huo unamwacha bila kile anachokihitaji zaidi.

Utafiti huo ulifuatiwa na mwingine mkubwa zaidi, wa wazee 100, uliochapishwa mwaka 1994, na humo baadhi ya wazee walipewa kirutubisho cha chakula bila mazoezi. Udhaifu wao haukupungua. Chakula ni matofali, na matofali hayajipangi. Nasema hivi kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa daima ni la protini, na wanaouliza mara nyingi hawajamaliza seti moja ngumu mwezi mzima. Protini inahitajika, ndiyo. Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha faida kupanda hadi kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, na kuzidisha hapo hakuongezi kitu cha maana kwa wengi. Kula vizuri, ulale usingizi wa kutosha, basi.

Kwa wanawake jibu langu ni fupi. Wanaanza na msuli kidogo zaidi, lakini kwa asilimia hukua kama wanaume wakifanya kazi ileile, na hawahitaji vyuma vyao vya rangi vya nusu kilo.

Maumivu ya siku mbili baadaye yasikudanganye upande wowote. Si asidi laktiki. Hiyo huondoka mapema baada ya zoezi. Hutokana na misuli kushtuliwa na kazi isiyoizoea, hasa ya kushusha mzigo, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na hupungua sana ukirudia zoezi lilelile. Kutoumia hakumaanishi zoezi halikufaa. Lakini mkojo ukiwa na rangi nyeusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi mazito, huo ni msuli uliovunjika na kumwaga yaliyomo kwenye damu, figo ziko hatarini, na hapo mtu anakwenda hospitali, hasubiri kesho.

Jingine la hatari ni pumzi. Mwaka 1985 watafiti walipima shinikizo la damu ndani ya mshipa wa watu waliokuwa wakisukuma mzigo mzito kwa miguu yote miwili, wakapata wastani wa 320 kwa 250. Kubana pumzi kunachangia sana kulipandisha. Kwa hiyo toa pumzi unaposukuma, usikaze uso wala shingo, na mwenye presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari wake. Kugota nako kuna mahali pake: kwenye mashine ni salama, kwenye pushapu ni salama, lakini usigote na chuma kifuani ukiwa peke yako.

Kwa vitendo, ninachoshauri ni siku mbili au tatu kwa wiki, mazoezi machache yanayogusa miguu, mgongo, kifua na mabega, seti mbili au tatu kwa kila moja, zote zikaribie kugota. Andika kwenye daftari uzito na marudio. Ukifikisha marudio 12 kwa mkao na mwendo sahihi, ongeza uzito kidogo, urudi kwenye 8 uanze kupanda tena. Bila daftari utajidanganya, kwa sababu mwili unakumbuka uchovu, haukumbuki namba.

Na kama una mzee nyumbani, si lazima umpeleke jimu. Daktari akisharidhia, mkalishe kwenye kiti imara kilichoegemea ukuta, usimame karibu yake, na ainuke bila kutumia mikono, ashuke taratibu, arudie mpaka uone kupanda kunachelewa. Anayeshindwa kabisa, kiinue kiti kwa mto mgumu ili safari iwe fupi. Mara mbili au tatu kwa wiki, na siku za kupumzika katikati. Siku atakapoinuka mara 12 bila kuchelewa, zoezi hilo limeshakuwa jepesi: toa mto, au mpe kitu cha uzito kidogo akikumbatie kifuani, aendelee.